Aliyenipimia Miti

"Miti yako imekula nini, binti?"

Msimamizi wangu wa utafiti ana kawaida ya kutania kwa uso wa hakimu, kwa hiyo sikujua nicheke au nijitetee. Sikufanya lolote. Siku hizo nilikuwa sifanyi lolote mpaka niambiwe.

"Sijakuelewa, Daktari."

"Tazama hapa." Akanigeuzia kompyuta. "Mpaka ulipofiwa, miti yako inanenepa taratibu, kama miti. Umeenda msibani tu, yote imevimba kwa mpigo mmoja. Halafu ikaendelea taratibu tena kama hakuna kilichotokea. Mimi nimezeekea msituni, mti wa hivyo sijauona."

"Labda ni mvua."

"Mvua gani inanenepesha miti kama ng'ombe wa maonyesho? Nani alikupimia ulipokuwa kwenu?"

"Mchumba wangu."

"Mwenyekiti?"

"Ndiyo."

Akakohoa. Hakuna asiyemjua Mwenyekiti pale kitivoni kwetu, tunakosoma maliasili na uendelevu. Ni mwenyekiti wa klabu ya mazingira, na mkutano usipofunguliwa na sauti yake unaonekana haujafunguliwa. Akisema "vizazi vijavyo", hata wewe unayemsikiliza unaanza kuwaonea huruma wajukuu ambao hujawazaa.

"Nenda msituni ukaangalie," Daktari akasema. "Ukiniletea maelezo, tunaendelea. Ukikosa maelezo, unarudia mwaka."

"Sawa, Daktari."

"Binti."

"Abee."

"Watu wakiambiwa maneno hayo huwa wanalia hapa. Nina tishu kabisa kwenye droo."

"Asante. Sihitaji."

Na kweli sikuhitaji. Tangu baba azikwe sikuwa nimetoa chozi hata moja. Wageni msibani walinisifu, wakasema huyu mtoto ni jasiri, ndiye atakayemshika mama yake. Nikamshika mama, nikapika, nikaosha vyombo, nikapokea pole za watu miezi mitatu, na ndani kulikuwa kumetulia tuli kama chumba kilichohamwa. Nilidhani nitalia nikirudi chuoni. Nikarudi, nikafagia chumba changu, nikalala.

Mwenyekiti hakuja kuzika. Asubuhi ya maziko alinitumia ujumbe ninaoujua kwa kichwa mpaka leo:

"Rula wangu, moyo wangu uko huko nanyi. Lakini tukiondoka wote wawili utafiti wako utakufa, na baba asingependa. Nabaki na miti yako. Leo hii niko msituni, nampimia baba."

Niliusoma nikiwa nimekaa jikoni kwa mama. Nikamwonyesha shangazi. Shangazi akaufuta uso wake kwa kanga akasema, "Huyu ni mume, mwanangu. Wengine wanakuja kula tu." Kwa hiyo Mwenyekiti alipoleta habari ya kuoana, nilisema ndiyo. Sikuwa na furaha wala woga. Nilisema ndiyo kwa sababu ya miti. Nilijiambia, nikiwa siwezi kuhisi kitu, basi angalau nichague mtu aliyefanya kitu.

Watu wa kwao walikuwa waje nyumbani kwetu, kwa mama, Jumamosi kujitambulisha. Siku Daktari aliponiuliza miti imekula nini ilikuwa Alhamisi.

Kuhusu hilo jina la Rula nieleze. Utafiti wangu ulikuwa kwenye kipande cha msitu kilichowahi kukatwa chote kwa makaa, nikitazama miti michanga inavyorudi. Unene wa mti hupimwa kwenye kimo kimoja tu, sentimita mia na thelathini kutoka chini. Ukipima juu zaidi mti unakuwa mwembamba, ukishuka unakuwa mnene. Siku ya kwanza tulisahau fimbo ya kupimia. Mwenyekiti akanisimamisha, akashusha futikamba kutoka kwapani kwangu mpaka chini, akacheka.

"Chini ya kwapa lako. Hapo hapo, haizidi wala haipungui. Kwa nini tubebe fimbo na wewe upo?"

Basi kila mwezi nilisimama kwenye kila mti nikanyanyua mkono, naye akapiga chaki chini ya kwapa langu. Mvua ikafuta chaki, mwezi uliofuata tukapiga nyingine palepale. Mapenzi yetu yalianzia hapo, na nisiseme uongo, yalikuwa matamu.

Alhamisi hiyo nilipita chumbani kwangu kubadilisha viatu. Pale uani tunapopanga, jirani yangu alikuwa bombani anasugua buti. Ni kijana wa kiume, anasomea ualimu wa hisabati, na wapangaji wote tunamwita Nukta kwa sababu ya kimo chake. Mwenyewe alishazoea. Anasema bila nukta sentensi haziishi.

"Jirani, unakwenda msituni?"

"Naam."

"Kuna tope huko. Chukua buti zangu."

"Buti zako zitanitosha kidole gumba."

Alicheka, lakini kidogo. Akauliza, "Miti haijambo?"

"Imenenepa mno, naambiwa."

Akaacha kusugua. "Hilo si zuri?"

"Si zuri hata kidogo," nikasema, nikaondoka.

Msituni sikuhitaji kutafuta. Kila mti wangu ulikuwa na mstari wa rangi nyekundu, rangi ya mafuta kabisa, umezungushwa kwa utulivu na mtu asiye na haraka. Nilisimama kwenye mti wa kwanza, nikanyanyua mkono. Mstari ulinifika ubavuni, chini ya kwapa kwa kiganja kizima. Nikaenda mti wa pili, kiganja. Wa tatu, kiganja. Ndiyo maana ilivimba. Ilikuwa imepimwa chini.

Mwenyekiti ni mrefu kuliko mimi. Kwa hiyo alikuja na mtu, mtu mfupi, akamsimamisha kwenye miti yangu, akamwambia nyanyua mkono. Nilimwona huyo msichana kabisa kichwani, na gauni lake. Nikatafuta wivu. Sikuupata. Nilisimama pale nimenyanyua mkono kama anayeomba ruhusa ya kutoka darasani, na sikusikia kitu chochote.

Nikampigia.

"Kesho asubuhi njoo msituni."

"Rula, kesho ni Ijumaa. Mama ananisumbua habari za mashati ya Jumamosi."

"Njoo tu. Haitachukua muda."

Alikuja na viatu vinavyong'aa, anachagua pa kukanyaga. Nilimpa chaki.

"Niwekee alama."

"Sasa hivi? Kwani kuna nini?"

"Niwekee kwanza."

Alininyanyua mkono bila hata kufikiri, akapiga mstari chini ya kwapa. Mkono wake haukuwa umesahau. Nilisogea pembeni tukaangalia wote: chaki nyeupe juu, rangi nyekundu chini.

"Hii nyekundu ni ya nani?"

"Ni yangu. Si nilikuwa napima?"

"Kwapa lako liko juu ya langu. Hapa ni kwapa la nani?"

Akakuna shingo.

"Mimi sigombi," nikamwambia. "Kesho wazee wako wanakuja kwetu, shangazi ameshaazima sufuria za mtaa mzima. Nataka nimjue tu. Nani uliyemleta hapa?"

"Unadhani nilileta msichana?"

"Wewe ungedhani nini?"

"Haki ya Mungu, sikuleta msichana. Kamuulize bwana misitu pale getini kama amewahi kuniona humu na mwanamke."

"Bwana misitu ni mtu mzima. Atakufichia."

"Atafichaje? Hajaniona na mwanamke kwa sababu hajaniona kabisa. Mimi sijakanyaga hapa tangu..."

Akasita. Akaitazama ile chaki mkononi mwake.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Rula."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda msibani."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia jina la mtu. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo, na hata hivyo lilipita tu, kama gari la watu wengine.

"Siku ya maziko ulikuwa wapi?"

"Chumbani."

"Unafanya nini?"

"Nimelala. Nimefunika kichwa." Sauti yake ya mikutano ilikuwa imemwishia. "Misiba siiwezi. Baba mdogo alipofariki walinikuta nyuma ya tangi la maji. Nikiona jeneza miguu inakataa. Ningekuambia nini wewe uliyefiwa na baba? Miti ikanijia kichwani, nikaandika."

"Ungeniambia hivyohivyo."

"Ungenielewa?"

"Sijui. Sasa hatutajua."

Alikaa juu ya gogo, viatu na vyote. Nikamuuliza nani basi aliyepima.

"Yule jirani yako. Nukta. Alikuja kuniuliza tunakwenda lini msituni, nikamwambia nina mkutano, nenda wewe, si kazi ngumu. Unaweka alama chini ya kwapa, unazungusha futikamba. Akaniletea vipimo, nikakutumia."

"Chini ya kwapa."

"Ndiyo."

"Hukumwambia ni kwapa langu."

Aliinua uso. Nikaona inamwingia polepole. Alikuwa amesahau. Kitu kilichoanzisha vicheko vyetu vyote, kilichonipa jina, yeye alikuwa amekigeuza maelezo ya kazi, akampa mtu mwingine na kuendelea na mkutano. Kama kuna kitu kilinigusa siku ile, ni hicho.

"Ulikubali nikushukuru," nikasema. "Kila mwezi nilikuandikia asante. Ulikuwa unajibu 'usijali mpenzi'."

"Nilitaka kukuambia. Kila nikitaka, wewe unashukuru."

"Basi waambie nyumbani kwenu wasisumbuke kesho."

"Unavunja uchumba kwa sababu ya miti?"

"Nilikukubali kwa sababu ya miti."

Nilimwacha pale. Sikugeuka, si kwa jeuri. Sikuwa na sababu ya kugeuka tu.

Nukta alikuwa uani anaanua nguo. Nilisimama mbele yake.

"Jirani, nyanyua mkono."

"Kuna nini?"

"Nyanyua."

Akanyanyua, na shati lenye maji likamdondokea kichwani. Nikapima kwa macho. Kiganja kizima. Nikamweleza habari ya sentimita mia na thelathini, na ile ya kwapa langu na lake. Alisikiliza na lile shati begani. Mtu wa hisabati hachukui muda mrefu. Nilimwona akikokotoa, halafu akajiegemeza kwenye nguzo ya kamba.

"Kwa hiyo vyote nimeviharibu."

"Vyote."

"Na rangi nikapaka."

"Kwa nini ulipaka rangi?"

"Mara ya kwanza nilipiga chaki. Nikarudi nikakuta mvua imefuta, nikaona utakuja utapotea. Nikatafuta rangi isiyofutika." Alijipiga paji la uso, pole pole. "Jirani, nisamehe. Nimekuharibia mwaka."

"Mbona hukuniambia ni wewe?"

"Mwenyekiti alisema usiambiwe, utapata wasiwasi. Baadaye uliporudi ulikuwa humwoni mtu. Unapita hapa unasalimia kamba ya nguo. Nikawaza, kama anajifariji kwamba ni mchumba wake, mimi ni nani nimnyang'anye."

"Haikunifariji."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

"Sasa kwa nini ulikwenda? Mimi na wewe tunaazimana pasi tu."

Alikunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwenu ni mbali, na mimi si mtu wako. Ningekuja msibani watu wangeuliza huyu ni nani, na wewe ungeanza kueleza. Nikaona nikipima miti yako nitakuwa nimekuja."

Niliingia ndani nikampigia mama. Aliyepokea ni shangazi.

"Bibi harusi! Tumeshafagia mpaka njia."

"Shangazi, hawaji."

"Hawaji nani? Wamepata ajali?"

"Nimevunja. Siku tunamzika baba hakuwa msituni. Alikuwa amelala chumbani kwake. Ule ujumbe wa miti ulikuwa uongo."

Shangazi alivuta pumzi, nikasogeza simu kutoka sikioni.

"Mwanaume amelala! Ndio umwache? Mimi mume wangu amelala tangu tuoane. Wewe unajua hizi sufuria nimezikusanya nyumba ngapi? Nitawaambia nini watu?"

"Waambie nimekataa."

"Usomi huu. Ndiyo maana nilisema asome ushonaji." Nikasikia simu inanyang'anywa.

"Mwanangu." Alikuwa mama.

"Mama, nisamehe."

"Ulimpenda?"

"Zamani, nadhani. Sasa sijui. Tangu baba, sijui kitu chochote. Nakula sisikii ladha. Nikivunja uchumba ni kama nimevunja kikombe cha mtu."

Nikasikia mama anafunga mlango, kelele za shangazi zikabaki nje.

"Na mimi pia," akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu. Nakuona wewe hulii, nikawaza kumbe yeye ameweza, ngoja nisimwangushe."

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

"Basi tumetazamana bure, mama yangu." Huniita "mama yangu" hivyo tangu utotoni, akiwa ameishiwa maneno. "Sufuria tutazirudisha. Lala kidogo."

Niliandika ujumbe kwa Daktari nikamweleza kilichotokea, bila habari za uchumba. Alinipigia mwenyewe.

"Alama zake ni za chaki?"

"Rangi ya mafuta, Daktari."

"Nyekundu?"

"Nyekundu kabisa."

"Basi una bahati ya ajabu. Kila mti pima palipo na rangi, halafu pima panapostahili. Tofauti utaipata, utarekebisha miezi yote mitatu. Zingekuwa za chaki, tungekuwa tunazungumzia mwaka ujao. Huyo mpakaji ni nani?"

"Ni jirani."

"Mwambie asipake tena msitu wangu. Halafu mwambie asante."

Jumamosi asubuhi, saa ambazo wazee wa Mwenyekiti walikuwa waketi sebuleni kwetu, nilikuwa nimesimama kwenye mti wa kwanza, na Nukta amepiga magoti, futikamba mkononi. Mwenyekiti alikuwa ametuma ujumbe njiani: "Nimewaambia nyumbani ukweli. Wote. Mama amenililia. Samahani kwa baba." Niliusoma, nikajibu, "Nimepokea." Ulikuwa ujumbe wake wa kwanza niliouamini wote, na sikuwa na la kuongeza.

"Hapa pekundu nimesoma," Nukta akasema. "Sasa nyanyua mkono."

Nikanyanyua. Upande wake ardhi ilishuka, akalazimika kusimama kwa vidole kuzungusha futikamba vizuri, akashikilia mti kama anayecheza naye muziki wa taratibu.

"Jirani, huu urefu umeutoa kwa nani?"

Miezi mitatu watu waliniambia pole. Waliniuliza aliugua nini, walimzika saa ngapi, mama anaendeleaje. Hakuna aliyeniuliza swali ambalo jibu lake ni baba akiwa mzima.

"Kwa baba."

"Alikuwa mrefu sana?"

"Alikuwa anainama kila mlango. Alikuwa fundi ujenzi, nyumba yetu aliijenga mwenyewe. Milango akapima kwa kumsimamisha mama, akasahau kwamba yeye naye ataishi humo."

"Mama yako ni mfupi?"

"Kama wewe hivi."

"Kwa hiyo alikuwa anajigonga?"

"Kila siku. Kila siku anajigonga, kila siku anaulaumu mlango. Mama anamwambia, baba nanihii, si uliujenga wewe? Anasema nitaubomoa Jumapili. Miaka yote anasema Jumapili." Nilikuwa nacheka. Nilisikia sauti yangu inacheka, nikaishangaa. "Hata siku ile, waliombeba, walipofika mlangoni wakaambiana inameni, inameni, mlango mfupi..."

Sikumaliza. Kilichokuwa kimekaa kifuani miezi yote kilipanda kwa pamoja, na nililia kwa sauti, paji la uso kwenye gome la mti, mkono bado umenyanyuliwa. Niliumia, jamani. Niliumia kila mahali, na katikati ya maumivu hayo nilifurahi kwamba naumia. Nilimlilia baba na milango yake. Nikamlilia mama aliyekuwa akinitazama. Nikamlilia na Mwenyekiti kidogo, yule wa siku ya kwanza, aliyecheka tuliposahau fimbo.

Nukta hakuniambia nyamaza. Alibaki amesimama kwa vidole, miguu inamtetemeka, ameishika futikamba palepale asije akapoteza mahali.

Nilipomaliza nilijifuta kwa mkono wa shati.

"Soma," nikamwambia.

Akasoma. Nikaandika. Tukahamia mti wa pili, akapiga magoti, akaangalia juu.

"Tuanze na kwapa la nani?"

"Anza na lako," nikasema. "Langu bado linatetemeka."